Kupata wateja wapya ukiwa mpiga video wa kujitegemea: kwa nini kazi nzuri peke yake haitoshi

Kuna kitu wapiga video wengi hatukifikirii vizuri. Mteja akikulipa advansi anakuwa amelipia kitu ambacho bado hakipo. Mtu akienda kununua simu anaishika, anaiwasha, anapiga nayo picha mbili tatu za kujaribu, asipoipenda anairudisha kwenye kioo anaondoka zake, ila video yake haijashutiwa bado, anachokiona ni video za watu wengine ulizowahi kufanya pamoja na maneno yako tu. Halafu kazi zenyewe nyingi hazirudiwi. Bwana harusi hawezi kuvishwa pete mara ya pili kwa sababu kadi ya kamera imekufa, na mkurugenzi aliyetoka mbali kuja kuongea dakika ishirini hawezi kuitwa tena kesho kwa sababu maiki haikuwa imewashwa.

Kwa hiyo mteja mpya, hata yule anayeongea kwa kujiamini sana kwenye simu, ana hofu. Anaogopa usije kutokea siku yenyewe, anaogopa sauti itakuwa ya mwangwi, anaogopa bosi wake atauliza nani alimleta huyu. Ukiliweka hili kichwani, mambo mengi yanayochanganya kwenye kutafuta wateja yanaanza kueleweka, kwa nini mtu mwenye kamera ya kawaida ana kazi kila wiki na mwenye vifaa vya maana anakaa tu, kwa nini posti yenye watazamaji kibao haileti simu hata moja, kwa nini mteja anachagua mtu wa bei ya juu na kumuacha wa bei rahisi. Kutafuta wateja ni kazi ya kupunguza hofu ya mtu ambaye hajawahi kukuona ukifanya kazi, na njia zote zinazozungumzwa huko nje zinatofautiana kwenye hilo tu, ipi inapunguza hofu haraka na ipi inachelewa.

Zamani kidogo picha yenyewe ilikuwa inatosha kukutofautisha. Kamera za video zenye picha ya kiwango cha filamu zilikuwa ghali na wachache walikuwa nazo. Mwaka 2008 Canon ikatoa 5D Mark II, kamera ya picha za kawaida iliyoweza kurekodi video ya 1080p, yaani ya HD kamili, kwa sensa kubwa, kile kipande cha ndani ya kamera kinachopokea mwanga, na toka hapo mlango ukafunguka, leo hata simu ya mfukoni inashuti 4K, video kali kuliko hiyo. Ni jambo zuri sana kwa sisi tulioanza bila mtaji, ila maana yake ni kwamba mteja wa kawaida akiangalia kazi yako na ya mwenzako haoni tofauti kubwa ya picha, wewe unaona rangi ya ngozi na jinsi mwanga ulivyowekwa, yeye anaona video mbili nzuri. Basi anaamua kwa vitu vingine anavyoweza kuvipima mwenyewe: nani alijibu haraka, nani alielewa shida yangu, nani amewahi kufanya kitu kama changu, na nani ninayemjua anamjua huyu.

Hilo la mwisho ndilo zito kuliko yote, hivyo tuanze hapo hapo.

Mteja rahisi kumpata kuliko wote ni yule uliyeshamfanyia kazi, kwa sababu hofu yake ilishakufa. Ajabu ndiye anayesahaulika kuliko wote. Tunakabidhi video, tunapokea malipo ya mwisho, tunasema asante, halafu kimya mpaka yeye atukumbuke, na wakati huo huo tunahangaika kuandikia watu tusiowajua. Shida ni kwamba wengi hawajui waseme nini wakirudi, wanaishia kutuma "habari, kuna kazi yoyote?" ambayo inamweka mtu kwenye kona, hana kazi leo kwa hiyo anajibu hapana na mazungumzo yameisha. Rudi na kitu mkononi. Mfano, ulishuti semina ya kampuni fulani mwaka jana, kwenye draiva yako, ile diski ya kuhifadhia kazi, yamebaki mahojiano ya washiriki wanne ambayo hayakuingia kwenye video kuu. Mwandikie ofisa aliyekupa ile kazi, mwambie yapo, watu waliongea vizuri, na yanaweza kukatwa vipande vifupi vya wima vya kutangazia semina ya mwaka huu, na kama wahusika wameridhia yatumike hivyo basi kazi ya kuediti ni siku mbili. Hapo umemkumbusha kwamba upo, umemkumbusha kwamba semina inakaribia, na umemwonyesha kwamba unatunza kazi zake. Mara nyingi jibu linakuja na kazi tofauti kabisa na ile uliyopendekeza.

Na kuomba akuunganishe na wengine kuna wakati wake. Wakati mbaya ni pale unapotuma invoisi, kichwa chake kiko kwenye hela. Wakati mzuri ni ile siku anapokupigia au kukuandikia kusema video imependwa, dakika hiyo hiyo ana furaha na anajiona alichagua vizuri. Usimwambie "nitangazie kwa watu", hilo ni ombi kubwa mno, hajui aanzie wapi. Muulize kitu chembamba: kuna mtu unayemfahamu anayeandaa mikutano kama huu wenu? Ubongo wake unaenda moja kwa moja kwa mtu mmoja au wawili, na hata asipompata leo swali linabaki naye.

Sasa kuna jambo ambalo linashangaza wengi kuhusu watu wanaotuletea kazi, kwamba mara nyingi sio marafiki wa karibu. Mwanasosholojia wa Marekani Mark Granovetter alilichunguza hili miaka ya sabini. Mwaka 1973 alichapisha hoja yake, na kwenye utafiti aliofanya karibu na Boston kwa watu wenye taaluma waliopata ajira kupitia mtu fulani, chini ya 17 kati ya 100 ndio waliounganishwa na mtu wanayeonana naye mara kwa mara, wengine wote walipata kupitia watu wanaoonana nao mara moja moja au kwa nadra kabisa. Mwaka 2022 watafiti walichapisha matokeo ya majaribio yaliyofanywa ndani ya LinkedIn, mtandao wa watu wa kazi na ajira, kwa miaka mitano yakihusisha watu zaidi ya milioni 20, wakaona kitu kinachoelekea huko huko, watu unaofahamiana nao kiasi tu ndio wanaosaidia zaidi kuhama kwenda kazi mpya. Hizo ni ajira, sio kazi za siku moja moja kama zetu, ila sababu yake inatuhusu vile vile. Marafiki zako wa karibu wanajua unachokijua na wanaenda unakoenda wewe, habari za kazi walizonazo wewe pia unazo, ila yule mtu mliyefanya naye shughuli moja miezi sita iliyopita anaishi kwenye duara jingine kabisa, anasikia mambo ambayo wewe hutayasikia kamwe.

Jiulize basi watu wako wa namna hiyo ni akina nani. Fundi saundi wa ukumbini. Mpambaji. Mshereheshaji. Wapiga picha za mnato, hawa ni muhimu mno kwa sababu wanaulizwa kila siku "na video je?". Watengeneza tovuti, sababu kila tovuti mpya inafika mahali inahitaji video ya kwanza. Meneja wa ukumbi. Yule dada wa mapokezi aliyekutafutia funguo za chumba cha mahojiano na ukaondoka bila hata kumjua jina! Siku ya kushuti kila mtu aliyepo pale anakuangalia unavyofanya kazi, anaona kama umefika mapema, kama umewaongelesha watu kwa heshima, kama ulitandaza nyaya zako watu wakajikwaa au ulizibandika chini kwa utepe wa gundi. Hao wote wameshakuona ukifanya kazi, na kuonwa ndiyo kitu pekee kinachoua hofu moja kwa moja. Nasema kwa moyo wote kwamba siku ya kushuti ni tangazo kubwa kuliko chochote utakachoposti wiki hiyo.

Wengine tunaowadharau ni wapiga video wenzetu, tunawaona washindani. Ukweli ni kwamba shughuli zinagongana tarehe, msimu wa harusi mtu anaulizwa Jumamosi moja na wateja wengi na yeye ni mmoja, wale wengine anawapeleka wapi? Anawapeleka kwa mtu anayemwamini kwamba hatamwaibisha. Kwa hiyo watafute walio juu yako kidogo, jitolee kuwa kamera ya pili kwa malipo ya kawaida, fika mapema, leta betri za ziada, kabidhi klipu zimepangwa vizuri na zimepewa majina. Na kuna mwiko mmoja hapo ambao ukiuvunja habari zinasambaa upesi, ukiwa kwenye kazi ya mwenzako usimpe mteja wake namba yako. Akikuomba mwelekeze kwa mwenye kazi. Ukifanya hivyo mbele yake, mwenye kazi atakuita tena na tena.

Tuje kwenye lile swali linalogombanisha watu, nijikite kwenye aina moja ya video au nifanye kila kitu? Mimi naona ujikite kwenye unachoonyesha, sio lazima kwenye unachokubali. Mtu akisikia "ni mpiga video" hana pa kukuweka kichwani, ila akisikia "ndiye anayeshuti video za mafunzo ya usalama viwandani" siku kiwanda kikitajwa mbele yake jina lako linatoka lenyewe. Na meneja wa kiwanda akiona umeshafanya viwanda vitatu, nusu ya maswali yake yameshajibiwa, anajua unajua kuvaa kofia ngumu, unajua mashine haizimwi kwa ajili yako, unajua kelele za mule ndani zinahitaji maiki ya kifuani na mahojiano yafanyike chumba kingine. Harusi unayoshuti Jumamosi haimuathiri chochote, usimwekee tu kwenye ukurasa ule ule anaouangalia.

Kwenye kuchagua huo upande wako angalia kitu kimoja ambacho hakisemwi sana, mteja huyu atahitaji video mara ngapi? Maharusi ni wateja wazuri, wanalipa, wanashukuru, na ukumbi mzima unakuona, ila wenyewe hawarudi, kila wikiendi unahitaji watu wapya kabisa na ndiyo maana biashara ya harusi inakula nguvu nyingi kwenye kujitangaza. Dalali wa nyumba ni kinyume chake, bei ya video moja ni ndogo, anataka kesho, na hana muda wa mambo ya sanaa, ila akikuzoea ana nyumba mpya kila mwezi na unashuti kwa mtindo ule ule bila mkutano wowote. Katikati yao kuna vyuo, hospitali binafsi, taasisi za misaada, makampuni yenye mafunzo ya kila robo mwaka, hao wanaanza taratibu, wanazunguka sana kwenye makaratasi, malipo yanaweza kuchelewa, ila wakishakuingiza kwenye orodha yao ya watoa huduma hawapendi kutafuta mwingine. Pitia kazi ulizokwisha kufanya, zipi zililipwa bila kusumbuana, zipi zilirudi zenyewe, na zipi ulizifurahia mpaka ukasahau kula mchana. Zikikutana sehemu moja hapo ndipo pako.

Na kazi unazoonyesha zenyewe je? Ile video fupi ya vipande vipande yenye muziki wa kishindo inasaidia, iwe kama dakika moja, na picha zako bora ziwe mwanzoni kabisa kwa sababu wengi hawafiki mwisho. Ila mteja makini haitoshi kumpa hiyo, kwa sababu vipande vizuri vya sekunde mbili mbili kila mtu anavyo. Anataka kuona kazi moja nzima inayofanana na yake kuanzia mwanzo mpaka mwisho, asikie sauti, aone mtu asiyezoea kamera anaongea vizuri kwa sababu wewe ulimtuliza. Chini ya hiyo video andika mistari minne mitano, walikuwa na shida gani, tulishuti nini kwa siku ngapi, ilitumika wapi. Kama huna kazi ya aina hiyo bado, itengeneze mwenyewe kama mradi wako na useme wazi kuwa ni mradi wako, hakuna aibu hapo. Kufanya bure kwa mtu mwingine nakubali tu kama wewe ndiye uliyemchagua na kumfuata, kazi ina mipaka iliyoandikwa, na unamtumia invoisi yenye bei kamili ikionyesha punguzo la yote, ili ajue thamani yake na akimpeleka mwenzake kwako asimwambie "anafanya bure huyo".

Halafu muziki, tafadhali. YouTube ina mfumo unaoitwa Content ID unaotambua nyimbo zenye wenyewe, na video ya mteja wako ikikamatwa inaweza kuzuiwa au mapato ya matangazo yakaenda kwa mwenye wimbo. Fikiria mteja ameitangaza video yake kwa wafuasi wote, halafu hakuna anayeweza kuiona. Huyo hakurudii tena na hatakuambia kwa nini. Lipia leseni ya muziki, weka gharama yake kwenye kotesheni, ile karatasi ya bei unayomtumia mteja kabla ya kazi.

Sasa kuandikia watu usiowajua. Hii ndiyo njia yenye imani ndogo kuliko zote kwa hiyo usitegemee wengi wajibu, ila inafanya kazi ukiifanya kwa uangalifu, na inaharibika kwa sababu watu wanakopi na kupesti. Ujumbe wa kawaida unakuwa hivi: "Habari, sisi ni wataalamu wa video, tunatoa huduma bora kwa bei nafuu, tunashuti harusi, matangazo, droni, karibu sana." Hapo hakuna kinachomhusu anayesoma, ungeweza kutumwa kwa yeyote na yeye analijua hilo. Linganisha na huu, tuseme unaandikia ofisa mawasiliano wa chuo: "Habari za kazi. Nimeona picha za mahafali yenu ya juzi, hongereni. Nimeona pia ukurasa wa kuomba kujiunga una maandishi matupu, hakuna mwanafunzi anayeongea. Mimi nashuti video fupi za wanafunzi wakieleza masomo yao, hii hapa moja niliyofanya, ni dakika moja na nusu. Kwa chuo kama chenu naona tatu zingetosha, zinashutiwa kwa siku moja. Nikutumie makadirio ya gharama?" Umeonyesha umeangalia mambo yake, umetaja pengo bila kumkosoa, umempa kitu kimoja cha kutazama, na swali la mwisho linajibika kwa neno moja. Asipojibu mfuate tena baada ya wiki moja kwa mistari miwili, na mara nyingine mwezi ukipita, kisha muache apumzike.

Angalia pia umemwandikia nani. Watu wanapenda kuruka mpaka kwa mkurugenzi, lakini mkurugenzi hashughuliki na video, anayeshughulika ni yule ofisa ambaye ikiharibika yeye ndiye ataulizwa. Huyo ndiye mwenye hofu yote. Na akikukubali bado ana kazi ya kukutetea ndani, kwa hiyo mpe kitu cha kufowadi kama kilivyo, ukurasa mmoja wenye unachofanya, kazi mbili, makadirio ya bei kuanzia kiasi gani mpaka kiasi gani, na tarehe. Ukimwachia akuelezee kwa maneno yake mwenyewe kwenye kikao, nusu itapotea.

Wakati nao una nguvu. Wengi wanatafuta shughuli zinazokuja, wanaandika wiki mbili kabla, wanakuta mtu alishapatikana. Jaribu kuandika wiki moja baada ya shughuli kuisha, hasa pale unapoona wameposti picha tu au video ya simu inayotikisika, ndio wakati wanahisi wamekosa kitu, na kwa shughuli ya mwakani wewe ndiye wa kwanza kwenye foleni.

Majukwaa ya kazi kama Upwork na Fiverr nayapitia haraka. Kwa kuediti yanafaa, sababu kuediti unafanyia popote na mteja anaweza kuwa bara jingine. Kwa kushuti ni dhaifu, kushuti kunataka mwili wako uwepo pale, na maoni mazuri unayokusanya yanabaki kwenye jukwaa, ukiondoka huondoki nayo. Kwa anayeshuti nashauri ujaze vizuri wasifu wako wa biashara kwenye Google, ni bure, kwa sababu mtu anayetafuta mpiga video huandika na jina la mji wake, na maoni matano ya kweli ya wateja pale yanafanya kazi usiku na mchana. Waombe wateja waandike tukio lenyewe, "alifika saa moja kabla, umeme ulikatika akawa na taa za betri", sio "huduma nzuri" tu.

Na mitandao ya kijamii? Swali ni nani anakuangalia. Ukiposti lensi mpya na mipangilio ya kamera, wanaokusanyika ni wapiga video wenzako, watakupa moyo na maswali mengi mazuri, ila hawana kazi ya kukupa. Mteja anataka kujua avae nguo gani kwenye mahojiano, kwa nini shati la mistari myembamba linachezacheza kwenye video, afanye nini na mikono, video ya wima na ya mlalo atumie wapi ipi. Ukijibu hayo kwa video fupi fupi wafuasi wataongezeka polepole sana, ila atakayekupigia atakuwa tayari anajiona anakujua.

Tuseme sasa simu imeita. Swali la kwanza litakuwa bei, karibu kila mara, na watu wawili tofauti wanakosea hapa, mmoja anataja namba papo hapo bila kujua kazi, mwingine anakwepa kwepa mpaka mteja anahisi anafichwa. Jibu kwa bei ya chini mpaka ya juu, pamoja na sababu: "kazi kama hii huwa inaanzia hapa mpaka hapa, inategemea siku za kushuti na idadi ya video, nikuulize maswali machache nikupe namba kamili?" Kisha uliza video itatumika wapi, nani anatakiwa aione na afanye nini baada ya kuiona, inatakiwa tarehe ngapi, na nani ndani ya ofisi ana neno la mwisho. Hilo la neno la mwisho linakuokoa sana, kwa sababu ukigundua kuna kamati ya watu sita unaandika mapema kwenye kotesheni kwamba marekebisho ni awamu mbili na maoni yanakuja yamekusanywa kwenye waraka mmoja. Anayejibu maswali haya huwa anatulia katikati ya mazungumzo, unaisikia kabisa sauti inabadilika, kwa sababu kwa mara ya kwanza mtu amefikiria kazi yake kwa kina kuliko yeye mwenyewe.

Kotesheni yenyewe itumie kuondoa hofu zilizobaki. Wengi huandika "kushuti, kuediti, jumla". Ongeza mistari ya namna hii: nashuti kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja, siku hiyo hiyo nakala zinawekwa kwenye draiva mbili tofauti na nyingine inahifadhiwa sehemu nyingine, sauti inarekodiwa kwa maiki mbili, nikiugua mwenzangu fulani wa kiwango changu anakuja. Haya labda unayafanya tayari kila siku, mteja hayajui mpaka umwandikie. Advansi ya asilimia hamsini ni kitu cha kawaida kwenye kazi hizi, iandike pamoja na nini kinatokea shughuli ikiahirishwa, mkataba mfupi wa ukurasa mmoja unaoeleweka humtuliza mteja kama unavyokutuliza wewe.

Kitu kinachowavunja wengi moyo ni ucheleweshaji. Ujumbe ulioandika mwezi huu unaweza kuzaa kazi baada ya miezi minne, kwa hiyo ukitafuta wateja pale tu kazi zinapokauka, zitakuja umeshakopa, na zikija unazama kwenye kuediti unaacha kutafuta, ukimaliza umekauka tena. Tenga muda mdogo kila wiki hata ukiwa na kazi nyingi, saa mbili za asubuhi moja zinatosha, mteja mmoja wa zamani, watu wawili wapya, mpiga picha mmoja wa kumsalimia. Weka jedwali rahisi, jina, alitoka wapi, alisema nini, lini nimtafute tena. Baada ya nusu mwaka lipange kwa safu ya "alitoka wapi" uangalie hela ilikotoka kweli kweli, wengi wanakuta njia iliyokula muda mwingi siyo iliyoleta kazi.

Na yule atakayesema bei yako iko juu, usimpunguzie bei kazi ikiwa ile ile, sababu ataamini ile ya kwanza ilikuwa ya kumpiga. Punguza kazi, video mbili badala ya tatu, nusu siku badala ya siku nzima, mwache achague. Akisema bado haiwezekani mshukuru, muulize huwa wanaanza kupanga bajeti mwezi gani, na uandike mwezi huo kwenye lile jedwali.